Bati la Wodi ya Njiti

Mimi ni fundi wa masanduku.
Waulize waliotoka Kongwa kwenda bweni:
sanduku la bati, bawaba mbili, kufuli dogo,
nusu yao walibeba mkono wangu kichwani.
Ndoo nimeunda, makarai, vihenge vya mahindi.
Njia ya kupitisha hewa, kamwe.

Injinia Ndahani alinitandazia mchoro juu ya mkokoteni,
akaukandamiza kwa kokoto nne, maana upepo wa Kongwa
haujui kusoma, lakini unapenda sana makaratasi.
"Mashine inakaa nje," akasema, "mwili mzima.
Wodini inaingia pumzi tu.
Bomba moja lipeleke, jingine lirudishe."
Nikauliza: kuna moto humo? Hakuna.
Mkaa? Hakuna.
"Inaokota joto lililoko nje, inaliingiza.
Oktoba itageuka, itakuwa inalitupa."
Lililoko nje! Mwezi wa saba!
Nilikuwa nimevaa makoti mawili.

Ikaja na fuso kutoka Dar, kubwa kama banda la mbuzi.
Kreni hatuna. Tulikuwa na vipande vitatu vya bomba la maji,
vijana saba, na Chilongani wa kusema "haya!"
Tukaiviringisha hadi kwenye jukwaa la zege,
tukailaza juu ya raba nne, kama mgonjwa.
Ndipo nikaona midomo yake inatazama vyoo,
na ukuta wa wodi uko huku.
Tukaigeuza. Tulichosema sitakiandika.

Siku tisa nilikunja bati,
geji ishirini na nne, mshono wa mikunjo miwili,
ribiti, gundi nzito kwenye kila kiungo,
halafu blanketi la sufi ya kioo
lililoniwasha hadi kwenye kope.
Kutafuta tundu, tulichoma udi wa mke wa Chilongani:
moshi ukinyooka, mshono mzima;
ukiyumba, fundi arudi na aibu yake.
Uliyumba mara nne.

Akawasha.
Ndu!
Nesi Sechelela akaangusha trei,
na ng'ambo ya kioo
kitu cha kilo moja na robo, hakijapewa jina,
kikakunja uso.
Nilijua palepale. Kipande cha saba.
Nilisahau kukipiga msalaba.
Bati pana lisipokunjwa kona kwa kona
likipewa pumzi linatuna, likinyimwa linarudi,
ndu.
Sanduku halina tabia hiyo. Sanduku halipumui.

Injinia akasema kesho. Nikakataa.
Nilipanda ngazi, tochi mdomoni,
nikalivua blanketi, nikaligonga
kwa nyundo ya mbao niliyoifunga tambara,
kona hii hadi ile, taratibu,
maana chini ya dari walikuwepo watu
wenye uzito wa mfuko wa sukari.

Saa nane za usiku nikashuka.
Nikaweka kiganja kwenye matundu ya hewa:
joto. Si la jiko, si la jua,
kama pumzi ya ng'ombe aliyelala.
Mama mmoja alikuwa amesinzia kitini,
kanga imemwanguka begani, hajaiokota.

Nje, nyuma ya mashine, mlinzi Mhuto anahamisha stuli yake.
"Fundi, dude lako linatoa baridi kuliko baridi yenyewe!"
Nikamweleza nilivyoelezwa:
linachukua joto la huku, hata hili kiduchu,
linawapelekea wale.
Akavuta kofia ikafunika masikio.
"Kwa hiyo wananiota mimi."
"Wewe, na mti ule, na yule mbwa."

Akaketi upande wa pili, mgongo ukutani,
akasikiliza kidogo. Mashine ikazima, ikawaka tena.
Kimya. Hakuna ndu.
"Basi waote," akasema.
"Ila mwambie injinia wako
nadai koti."