Dawa Ilikaa

Mimi ni keyateka. Ghorofa sita, Pipeline,
vyumba themanini na vinne, bomba moja la maji machafu.
Najua tofauti ya nyumba isiyo na maji
na nyumba ambayo maji hayana pa kwenda.
Hiyo ya pili ndiyo hunitoa kitandani saa tisa usiku.

Kavutha alitoka malengelenge ubavuni, mkanda wa jeshi,
yakapita chini ya titi kama alama ya mjeledi wa moto.
Nilimpeleka kliniki ya kona, ile yenye pazia la kijani.
Kijana mwenye koti jeupe akaandika haraka:
tembe moja, mara tano kwa siku, siku saba.
Hakuuliza, nasi hatukusema.
Figo zake zilikuwa habari ya kliniki nyingine,
faili jingine, foleni ya Jumanne.
Tuliambiwa zimebaki robo, tukazoea,
maana robo haina sauti.

Siku ya kwanza maumivu yalitulia. Tukashukuru.
Siku ya tatu akaniuliza nani kaweka mbuzi kwenye ngazi.
Hakukuwa na mbuzi.
Mikono yake ikawa inarukaruka kama samaki ndani ya beseni.
Kisha akaanza kukunja shuka ambayo haipo,
kona kwa kona, kwa uangalifu wake ule ule,
akaninyoshea upande mmoja nishike.
Nikashika.

Dada yake alipiga simu kutoka Mwingi: hayo si ya hospitali.
Jirani wa mlango wa pili akaleta mafuta ya upako.
Mimi nikaendelea kumpa tembe.
Simu ikilia kengele, glasi ya maji, kidonge, meza mama.
Sikukosa hata saa moja.
Hilo ndilo linaloniamsha hadi leo:
nilihesabu vizuri.

Mfamasia wa zamu aliitwa Jebiwott.
Alimwaga mfuko wetu wa dawa mezani,
akatazama majibu ya damu, akatazama boksi moja,
akavua miwani.
"Hii hutolewa na figo," akasema. "Karibu yote.
Kwako wewe ingeshatoka kabla ya ugali wa jioni.
Kwake, ya jana ilikuwa bado ndani ulipompa ya leo,
na ya juzi imekaa nyuma yake."

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Lakini huyu alitaka kuondoka
akakuta mlango umebaki ufa,
na kila saa nne mimi namletea wenzake.
Wakapanda, maana chini pamejaa,
wakafika kichwani,
wakaanza kusogeza viti.

Nilielewa upesi. Mungu anisamehe, upesi mno.
Wapangaji hawajamwaga zaidi ya jana,
bomba ndilo limefinyika,
na anayelala ghorofa ya chini
ndiye anayeamka na uchafu wa watu wote.
Miaka kumi na moja nazibua bomba hilo kwa waya.
Sikuwahi kuuangalia mgongo wa mke wangu.

Wakamwunganisha na mashine usiku ule.
Damu ikienda, damu ikirudi,
nami kando nikisikiliza inavyovuta
kama ninavyosikiliza pampu, nikingoja ikohoe.
Haikukohoa.
Siku ya pili yake, alfajiri, aliniuliza nimekula nini.
Nikashindwa kujibu.

Sasa kuna kikaratasi ndani ya kadi yake,
wino mwekundu, mwandiko wa Jebiwott:
FIGO. ULIZA KIPIMO KWANZA.
Nakionyesha kila dirisha la dawa, hata kwa kikohozi.
Wengine hukunja uso. Wakunje.
Tembe yake ya miguu kuwaka moto naikata kwa kisu cha sukuma,
na bado nikiona nusu iliyobaki mezani
nahisi nimemnyima.
Nusu kwake ndiyo nzima, hujiambia. Nusu ndiyo nzima.

Yeye mwenyewe hakumbuki hospitali.
Anamkumbuka mbuzi.
Wa kahawia, asema, na alikuwa na kengele,
nayo ilikuwa ikilia mara tano kwa siku.