Waya wa Rangi ya Chungwa

Utuado, Puerto Rico

Siku ya tatu baada ya kimbunga
tuliona mlima umenyolewa, haujabaki jani,
na nyumba ya Nereida, iliyojificha miaka yote
nyuma ya migomba,
iko karibu mno: hatua arobaini
kutoka dirisha langu hadi lake.

Tulikuwa tumenuniana.
Mbwa, ua wa seng'enge, neno alilomwambia marehemu mke wangu
siku ya ubatizo.
Mambo yaliyokuwa na uzito
barabara ilipokuwapo.

Mimi nilikuwa na jenereta.
Chini ya kitanda, madumu saba ya petroli;
vijana wa kanisa waliponiuliza
nikasema mawili.
Hilo liandikwe kwanza.

Binamu yangu Wilfredo aliuza barafu,
mfuko dola kumi na mbili, kesho yake kumi na tano,
na watu wakamshukuru, wakamwita ndugu,
huku wakikunjua noti zenye unyevu.
Padre hakukemea.
Padre naye alikuwa kwenye foleni.

Usiku wa tano mtu akagonga bati.
Si Nereida. Mwanawe, Yadiel, miaka tisa,
amekumbatia kopo kifuani kama kifaranga.
"Dawa ya mama inataka baridi."
Hakuomba. Alinieleza tu,
kama anayemwelekeza mgeni njia.

Ningependa kusema nilifanya haraka.
Nilisimama. Nilihesabu madumu.
Kisha nikautafuta ule waya wa rangi ya chungwa
nikauburuta gizani,
juu ya matope, juu ya seng'enge iliyolala chali,
juu ya kitu laini ambacho sikukimulika,
hadi kwenye jokofu lake.

Nereida alikuwa mlangoni na tochi.
Hakusema asante.
Alisema, "Futa miguu."
Nikafuta.

Miezi minne waya ulilala pale.
Kuku waliuzoea.
Kila asubuhi, kizingitini kwangu,
kahawa ndani ya kopo la maziwa, imefunikwa kwa kisosi,
na mtu haonekani.

Umeme uliporudi bonde zima lilipiga yowe.
Nikatoka kuukunja waya,
nikamkuta ameshika ncha ya pili.
Tukaviringisha, kila mtu upande wake,
tukakutana pale palipokuwa na ua,
mikono imejaa,
hatujui nani aende nao nyumbani.