Mizani Tisa

Mimi ni mtu wa kuhesabu kwa vidole.
Nane huku, nane huku, kina cha kati, kina cha mwisho.
Watu wa Wete huniletea harusi zao niwatungie,
nami silali mshororo ukizidi.

Siku ile hospitali, nesi Raya alilitaja neno langu, mizani,
nikacheka peke yangu.
Asaa akapanda, miaka tisa, kanzu ya chuoni imembana kwapani.
Sindano ikakimbia, ikatikisika, ikatua
pale ilipotua yangu mwaka niliooa.

Nikasema: Tuandikie, dada. Asile nini?
Akaifunika kalamu.
"Anayekaanga nani? Anayenunua soda nani?
Jumamosi njooni nyote, na bibi yake.
Huyu hapiki, hana pesa, hana ufunguo wa kabati."

Usiku nikakaa na karatasi:

        Mwanangu wanielemea

Nikahesabu. Tisa.
Nikahesabu tena kwa mkono wa kushoto. Tisa.
Nikaikata "ni":

        Mwanangu waelemea

Nane. Umekaa sawa kama sahani kabatini.
Nikaenda kulala.

Alfajiri natia udhu, maji yanapita kiwikoni,
ndipo nilipoona nilichokikata.
Ile "ni" ilikuwa mimi.

Jumamosi tulikwenda watano.
Familia nyingine sita zimekaa duara kwenye viti vya plastiki,
kila mtu anatazama miguu ya mwenziwe.
Mama yangu, Bi Mize, hakunong'ona:
"Enzi zetu mtoto akinona, jirani huja kuuliza siri.
Leo kunona kumekuwa kesi."
Akapanda mizani na baibui lake, akakataa kuvua viatu.
Duara zima likacheka, na baada ya hapo
tukaweza kuzungumza.

Tukapewa daftari moja. Si la Asaa, la nyumba.
Chapati zikahamia Ijumaa.
Sukari ya chai, vijiko vinne, ikawa viwili;
siku ya tatu Bi Mize akarudisha kimoja
kwa kijiko cha dawa, eti hicho hakihesabiwi.
Baada ya alasiri tunapanda kilima cha bandarini,
Tumu na Sabiha mbele, Asaa kati,
mimi nyuma, nimeinama nafunga kamba
ya kiatu kisicho na kamba.

Skuli wanamwita Tipa.
Hakutuambia yeye, alituambia dada yake,
halafu akamshika mkono akamtia katika nage ya wasichana.
Mpira wa kwanza ulimpata. Wa pili ulimpata.
Mpira haumkosi, ni mpana mwanangu,
lakini akiudaka hauponyoki,
na sasa wanagombana awe upande wa nani.

Mwezi wa tatu sindano ikatua palepale.
Tumu akageukia dirishani, buibui mdomoni.
Nesi akamsimamisha Asaa ukutani, akachora mstari:
vidole viwili juu ya ule wa zamani.
"Uzito umesimama, mtoto anapanda. Mwacheni arefuke."
Nilitaka kuuliza: na baba yake, asiyerefuka tena?
Sikuuliza. Alikuwa anaitazama safu yangu daftarini:
Sahani ya kawaida. Sahani ya kawaida.
Sahani ya kawaida.

Jana nimerudi barazani baada ya isha.
Asaa alikuwa macho. Akaja kunipa mkono,
akasimama kidogo karibu na bega langu, akavuta pumzi.
Hakusema kitu.
Akalifungua daftari, akachonga penseli,
akaandika mahali pangu, herufi moja moja,
ulimi umetoka pembeni mwa mdomo:

        Baba kala badia tatu

Nikahesabu kwa vidole, mkono mgongoni asione.
Tisa.
Nimeuacha hivyohivyo.