Luseke, Lo

Mvua ya Tukuyu haikupumzika hata siku ile.
Tulimshusha Lusekelo kamba zikiteleza mikononi,
Gwamaka akaacha kiatu kimoja topeni,
na wawili kati yetu tukacheka, Mungu atusamehe,
maana marehemu angeanza yeye.

Mchungaji akageuka: msalaba?
Upo. Wa mkaratusi. Seremala Anyosisye
aliupiga randa usiku kucha kwa taa ya chemli.
Ila mtupu. Hauna jina.

Tukatazamana.
Kila msalaba uliosimama kwenye majani yale,
wa bibi zetu, wa watoto wa surua,
wa dereva wa lori la chai aliyeshindwa na kona ya Kiwira,
ulipita kwenye brashi moja.
Yeye ndiye aliyejua mkia wa g uishie wapi
mama mtu asije akauona kama kidonda.
Misalaba hakutoza. Alitoza bucha na baa,
nao walimlipa kwa maini, kwa bia, kwa njoo kesho.

Picha yake tuliyopata ni ya kitambulisho cha kura,
macho yamemtoka kama aliyefumaniwa na kuku wa watu.
Basi ukitaka kumwona nenda saluni ya Atupele,
tazama ukutani vile vichwa sita vya mitindo:
denge, panki, kipara cha kuzungushia.
Hakuwa na hela ya kumlipa mtu akae atulie,
alijichungulia kwenye kioo cha pikipiki.
Wote sita wana sikio lake la kushoto,
lile lililopinda tangu utoto.

Dukani kwa Tumwitikege ndiko alikoachia.
Deni la sukari, mkate, betri za redio
lilikuwa limefika elfu arobaini na mbili;
wakapatana alilipe kwa kuandika ukutani
LEO HAKUNA MKOPO.
Jumanne aliandika LEO. Jumatano, HAKUNA.
Alhamisi alikohoa, akasema narudi mvua ikikata.
Hapa mvua haikati, Lusekelo. Ulizaliwa hapa. Ulijua.
Wapita njia wanasimama: leo hakuna nini?
Tumwitikege hajibu. Fundi mmoja kutoka Mbeya mjini
alikuja kumalizia, akafukuzwa na ufagio.

Siku ya nne tulifungua kopo lake la bluu.
Juu lilikuwa limefanya ngozi, imejikunja kama ya maziwa;
Anyosisye akaitoboa kwa msumari.
Chini yake rangi bado mbichi.
Ndaga, akanong'ona mtu,
sijui alimshukuru nani.

Brashi tukampa Gwamaka, kwa kuwa ni mwalimu,
ana mwandiko wa ubaoni.
Mwandiko wa ubaoni una dasta. Huu hauna.
Alianza kwa kiburi, herufi za kutosha mlango wa kanisa:
L, U, S (S ikatazama nyuma), E, K, E,
na mbao ikaisha.
Ikabidi LO ishuke chini, peke yake.

Tukaisoma kwa sauti, kama darasa la kwanza:
Luseke.
Lo!

Jamani. Miaka thelathini alitunyooshea majina,
na sisi tumemwandika hivi.
Atupele akataka tufute kwa mafuta ya taa.
Tukakataa. Tukainama kuipuliza ikauke,
sote wanne, midomo karibu na mbao,
pumzi zikitoka nyeupe kwa baridi,
na Tumwitikege nyuma yetu ameshika mwavuli,
nusu juu ya jina,
nusu juu ya Gwamaka, aliyekuwa analia
na bado kiatu kimoja hajakipata.