Kupanda Vumbini

Upepo wa mwezi wa Aadi, husema watu wa hapa,
hubeba hata jiwe la kusagia.
Mimi umenibebea mume.
Muniyandi kapanda basi la alfajiri
kwenda Tiruppur, kushona fulana za watu asiowajua,
akaniachia nusu eka ya udongo mweusi
uliopasuka nyufa za kumeza mguu wa mbuzi,
na mama yake.

Mama yake haongei nami. Huongea na mitungi.
Hubandua samadi iliyoziba mdomo,
hupuliza jivu, hutoa majani makavu ya mwarobaini,
kisha huzamisha mkono hadi kiwikoni
kama mkunga.
"Uwele," asema. "Ulezi. Mtama. Choroko.
Kunde. Mbaazi. Ufuta. Dengu."
Ya tisa ni mpunga, naye huutaja kwa kunong'ona,
kama mke akwepaye jina la mumewe.

Siku tisa vyungu vyetu vimefungiwa
katika chumba kisicho na dirisha:
samadi ya mbuzi, nyasi, mbegu zilizolala majini.
Jua haliingii. Mwanamume haingii.
Nyama hatuli. Jioni twazunguka tukipiga makofi,
tukimwita Mariyamman,
aletaye ndui na aletaye mvua
kwa mkono uleule.

Siku ya tatu chungu cha Pechiyammal, mama mkwe,
kilitoa machipukizi ya manjano, membamba,
yasiyojua bado kwamba kuna kijani.
Cha Rakkayi kikafuata. Hata cha mjane Irulayi,
aliyekuja na mbegu za kuazima.

Changu kilibaki chungu.
Chungu kwa maana zote mbili.

Siku ya tano, kimya.
Siku ya sita nilihesabu macho yaliyonitazama tumbo.
Miaka minne ya ndoa, na sasa hata choroko,
choroko imotayo kwenye kitambaa kibichi,
imenikataa!

Usiku nikamkuta chumbani, amepiga magoti,
kandili sakafuni, kidole chake ndani ya chungu changu.
Akafukua punje moja, akaiuma, akaitema.
"Hii ni ya mtungi wa kushoto," akasema,
"wa mwaka ule wa ukame. Nilikupa mimi. Macho yangu."
Akafuta kidole kwenye sari.
"Unalia nini? Chungu hakipimi mwanamke.
Chungu hupima mbegu.
Mungu anatuonyesha iliyokufa kabla hatujaipeleka shambani.
Ungependa akuonyeshe lini, mwezi wa Aippasi?"

Yalikuwa maneno mengi kuliko ya mwaka mzima.

Siku ya maandamano ngoma zilitangulia.
Nikainama kuchukua aibu yangu,
akaniwahi.
Akajitwisha chungu changu, kitupu, kichwani pake,
mbele ya mtaa mzima, shingo wima,
na kichwani pangu akaweka msitu wake mdogo.
Ulinipapasa masikio njia nzima.
Hakuna aliyethubutu kuuliza.
Bwawani tukaviachia vyote; maji yalikuwa ya magoti,
yakapokea kilichoota na kisichoota
bila kuchagua.

Mtungi wa kushoto tuliwamwagia kuku.

Mwezi wa Aavani tukapanda vumbini.
Mvua haipo. Wingu halipo.
Ndivyo ipandwavyo hapa: mbegu hutangulia,
hulala kwenye kiangazi kama barua
iliyotumwa kwa mtu ambaye bado hajazaliwa.
Pechiyammal hutupa kwa kifundo cha mkono, si kwa bega,
na kila mtupo wa kwanza wa mstari
huutupa nje ya mpaka, kwa sisimizi na ndege.
"Nao wanaomba mvua," asema. "Tusiombe peke yetu."

Jioni simu ikalia.
"Imenyesha?"
"Bado."
"Na mmepanda?"
Nikatazama kucha zangu, nyeusi hadi nyamani,
na mama yake mlangoni, akiziba mitungi,
akinionyesha kwa kidevu
upi ni wa kulia.
"Tumepanda," nikasema.