Kuipasha Miguu

Kazi yangu ni ndoo.
Maji ya bomba la Mangamba, lita kumi,
nusu chini ya mguu wa kushoto, nusu wa kulia,
kisha narudi nyuma hatua saba.
Mwaka juzi nilirudi sita.
Kokoto iliruka ikaondoka na jino.

Jumapili, siku mbili baada ya mnada,
jua halijachomoza vizuri.
Barabara ya Naliendele imelala tuli,
mikorosho huku na huku,
majani bado yana vumbi la salfa.

Somoe Lipende yumo ndani ya Verosa,
mguu mmoja breki, mmoja mafuta.
Gari linachuchumaa mbele, linatetema nyuma,
na maji yanaanza: shiii.
Hapo ni mvuke tu, mweupe, wa chai.
Subiri.
Maji yakiisha, mpira unaanza kusema,
na moshi unaotoka sasa una rangi ya bluu
unaingia mikoroshoni kama wenyewe ndio wenye shamba.
Mama Nachalwe anafunika vitumbua vyake,
anatutukania ukoo kwa Kimakonde,
halafu anachungulia.

Ninainama. Nagusa kwa nyuma ya kiganja,
kama mtu anavyopima homa ya mtoto.
Tairi baridi halishiki.
Ni mtu uliyemwamsha usiku wa manane ukamdai deni:
atakujibu, lakini hajui anajibu nini.
Lipashe, linakumbuka.
Linanata lamini kama utomvu wa ganda la korosho
kwenye vidole vya mama, miaka yote ile ya kubangua,
ule usiotoka kwa sabuni wala kwa mchanga.

"Tayari?"
"Tayari. Nenda sasa hivi."

Mfaume wa Ndanda, ndani ya Chesa, naye tayari.
Kitambaa kiko juu.

Fuso likaja.
Kutoka Newala, limelala upande,
magunia hadi mbinguni, mguu wa nyuma pancha,
likasimama palepale, juu ya mistari yetu.
Dereva akashuka anajifuta shingo.
"Hapa fundi pancha nani?"
Watu arobaini wakaninyooshea kidole.

Nikapiga jeki.
Nati ya tatu ilikuwa na kutu, ikataka kusimamiwa kwa miguu miwili.
Nilipoinua macho nilisoma magunia,
natafuta alama ya mkaa ya mama,
maana na yeye alipeleka ghalani, na yeye hajalipwa,
na tairi hizi za Somoe nilimkopesha mimi
kwa ahadi ya malipo hayohayo.
Sikuiona. Magunia ni mengi.

Dakika ishirini na tano.
Fuso likaondoka, likatuachia harufu ya gunia
na elfu tano iliyochanika katikati.

Nikarudi kwa Verosa na kiganja changu.
"Bado lina moto?"
Ningeweza kusema ndiyo.
Uso wake wote ulikuwa unaomba ndiyo.
"Limepoa," nikasema. "Na nyuzi zinakaribia kuonekana.
Limebaki na pasho moja, labda."
Ndoo kavu. Bomba liko kilomita mbili.

Akatafuta chini ya kiti,
akanipa chupa yake ya maji ya kunywa, imebaki nusu.
"Mguu mmoja, basi. Chagua."

Nikamwagia wa kulia.
Ukazunguka peke yake, ukalia peke yake,
mwenzake kasimama anautazama,
na kitambaa kikashuka
na Verosa ikaondoka kwa bega,
kama mtu anayepenya mlangoni na gunia.

Nani alishinda, waulize waliokuwa kule mwisho.
Kelele niliisikia, majina sikuyashika.
Mimi nilikuwa bado nimechuchumaa pale pa kuanzia,
kiganja juu ya lami,
kwenye mistari miwili myeusi:
mmoja unachoma,
mmoja wa jana.