Malalamiko kwa Nazi Mbovu

Miaka ishirini na sita nilisomesha ushairi skuli,
nikihesabu mizani kwa vidole na kwa bakora,
nikidhani masikio yangu yamestaafu pamoja nami.
Kumbe Shaame, fundi wa mafriji, mlango wa tatu hapa Limbani,
kanunua gitaa la umeme.

Wako wanne.
Shaame na gitaa lake, jekundu kama tungule;
Mize wa duka la uzi, besi,
hacheki hata akiimba mambo ya kuchekesha;
Faki na ngoma zake, mbili za dukani
na ya tatu tumbo la mashine ya kufulia iliyokufa;
na Time, karani wa bandarini, sauti,
anayeingia kila wimbo kama mtu aliyechelewa boti.

Bendi wameiita Nazi Mbovu.
"Ili tukiharibu, mwalimu," aliniambia Mize, uso mkavu,
"watu wasiseme hawakuonywa."

Nyimbo zao fupi. Chai yangu haijapoa, washamaliza mbili.
Upo wa kandambili ya kushoto
iliyotoka msikitini na mguu wa mtu mwengine.
Upo wa maji kukatika na sabuni iko machoni.
Upo wa shemeji aliyeazima sufuria siku ya Idi,
ikarudi Idi ya pili, ndogo kuliko ilivyoondoka.
Gitaa linanguruma, na pale pale unapotaka kukasirika
sauti tatu zinapanda pamoja kwenye kiitikio,
tamu, nzito, zinanata kwenye meno kama halua ya moto.
Hapo ndipo uchungu wangu:
alfajiri najikuta napiga mswaki kwa mapigo ya sufuria.

Na mizani!
Mstari wa kwanza wa kandambili una saba,
unaofuata kumi na moja, wa tatu sijui,
maana Time kaucheka katikati.
Vina vimekaa kama wageni wa harusi,
kila mmoja alipopata kiti.

Kampuni ya sabuni iliwafuata kutoka Unguja,
na fedha, na fulana, ikataka waitwe Nazi Njema.
Wakakataa.
Wakarikodi wenyewe, usiku,
ndani ya friji la samaki lililong'olewa mota,
wakauza kwenye flashi, elfu mbili moja.
Ukinunua mbili unapewa ndimu.

Nikaandika barua. Kwa adabu, kwa nathari,
karatasi ya mistari, nikaisukuma chini ya mlango.

Siku tisa kimya. Kisha onyesho, ukumbi wa skuli yangu mwenyewe.
Nilikwenda kuhesabu viti, si kusikiliza.
Time akakohoa: "Huu mpya. Katutungia jirani."

*Jirani nawaombeni, punguzeni hiyo ngoma,
kuku wangu hawatagi, na mimi nimeshakoma!*

Nimeshakoma! ukumbi ukaitikia.
Nimeshakoma! wakaruka wale niliowachapa
kwa ajili ya kina kimoja kilichopotea,
sasa wana ndevu, sasa wana watoto mabegani.
Faki akalitwanga lile tumbo la mashine,
vumbi la darini likanishukia kofiani.

Nilitaka kusimama nikane.
Vidole vikanisaliti, vikaanza wenyewe mapajani:
nane. Na nane.
Tena nane. Na nane.
Wallahi sikukusudia.

Lakini kina cha kati, ewe mwalimu wa watu!
*Ombeni* na *hawatagi*. *Ni* na *gi*.
Aibu gani hii, mbele ya mkoa mzima,
na hakuna hata mmoja aliyeisikia ila mimi.

Sikulala. Kuku nao hawakulala, tukatazamana.
Saa saba za usiku nikabisha mlango wa tatu,
nimevaa msuli, karatasi mkononi.
Ngoma ikakatika. Akafungua Mize.
"Punguzeni kidogo," nikasema, "kuna pa kurekebisha.
Iwe *kuku hawatagi ndani*. Hesabuni."

Akahesabu, kwa vidole, kama nilivyomfunza darasa la sita.
Hakucheka.
Akanipa ndimu.